Nyatiti nayo ipewe waya

Katika sherehe nyingi za Kisumu, iwe harusi, mkutano wa siasa au burudani ya Jumapili ufuoni Dunga, mpiga nyatiti, ile ala ya Waluo ya nyuzi nane, huketishwa kwenye kigoda chake, akasogezewa kipaza sauti kimoja cha mwimbaji, kisha akatarajiwa kushindana na kinanda cha umeme. Baada ya dakika chache hadhira inasikia koo lake na njuga za mguuni, lakini nyuzi zenyewe zimemezwa. Hapo ndipo hukumu hupitishwa kwamba ala hii imepitwa na wakati na vijana hawaitaki. Naiona hukumu hiyo kuwa ya uonevu, kwa sababu vijana hawawezi kukataa kitu ambacho hawajakisikia. Kasoro iko kwenye namna tunavyoipaza nyatiti, na kuirekebisha hakuhitaji fedha nyingi.

Tuangalie jinsi mashindano yenyewe yalivyo. Kinanda huingia kwenye mikisa, mtambo wa kuchanganyia sauti, kwa waya moja kwa moja, bila kupita hewani. Nyatiti husafiri hewani kwanza, na sauti hupungua kwa takriban desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu. Kipaza sauti kikiwekwa nusu mita kutoka kwenye ngozi ya ala badala ya sentimita 10, tayari zimepotea desibeli 14 hivi. Fundi akijaribu kuzifidia kwa kupandisha sauti, spika zinapiga mluzi, naye anateremsha haraka na kuendelea na kinanda. Isitoshe, mpiga nyatiti ni bendi nzima ndani ya mtu mmoja. Anaimba, anadonoa nyuzi, anatikisa gara, zile njuga za mguuni, na kwa pete ya chuma ya kidole gumba cha mguu, oduong'o, anagonga ukingo wa ala kama mpiga ngoma. Kumpa kipaza sauti kimoja kilichoelekezwa mdomoni ni sawa na kuwapa wanamuziki wanne mlango mmoja wa kutokea.

Wapigaji wa lile zeze kubwa la besi linalopigwa kwa kusimama katika bendi za jazz walikumbana na shida hiyo hiyo: ala kubwa yenye sauti nene inayozidiwa na ngoma. Mojawapo ya mbinu zao ni kuzungushia kipaza sauti kidogo sponji na kukibana karibu na daraja la ala, mahali nyuzi zinapoegemea. Kwa nyatiti mbinu hiyo yafaa vilevile: kipaza sauti kidogo cha kubana shatini, cha bei ya chini, kifungwe kwenye ukingo wa bakuli la mti kikielekea ngozi. Njia rahisi zaidi ni kile kisahani cha shaba kiitwacho piezo, kinachotumika kwenye vilio vya kengele za umeme, ambacho bei yake haifikii sahani ya samaki na ugali pale Dunga. Hubandikwa kwenye mti wenyewe, kikapokea mtetemo bila kujali upepo wa ziwa unaovuma alasiri. Kina masharti yake, na hapa ndipo wengi hukosea. Kisahani hicho kikichomekwa moja kwa moja kwenye tundu la kawaida la mikisa, besi hutoweka na kubaki sauti nyembamba ya bati, kwa kuwa kinahitaji ukinzani wa megaomu 1 au zaidi. Kipitishwe kwanza kwenye kikuza sauti kidogo cha betri, au kwenye amplifaya ya gitaa. Kisibandikwe karibu na mahali pete inapogonga, la sivyo kishindo kitafunika nyuzi.

Wapo watakaosema nyatiti ilikwishapata umeme zamani kupitia benga, muziki wa gitaa wa Waluo, kwani wapigaji kama D.O. Misiani wa Shirati Jazz walihamishia midundo yake kwenye gitaa. Ni kweli, na benga ni hazina, ila gitaa halina gara wala oduong'o; lilichukua vidole likaacha mguu. Wengine wanahofia kwamba waya utaiharibia ala uasili wake. Hofu hiyo ingekuwa na uzito kama nyuzi zingali za kano za wanyama, lakini leo wengi hutumia mshipi wa nailoni wa wavuvi, na hakuna aliyelalamika. Naye mpiga nyatiti Ayub Ogada, aliyefariki mwaka 2019, aliusikilizisha ulimwengu nyatiti kwa albamu yake ya 1993, En Mana Kuoyo, iliyorekodiwa kwa mitambo ya studio ya kisasa.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la mafundi wenyewe: vifaa rahisi vina kelele, na sherehe haina muda wa majaribio. Kelele zipo, sikatai, ingawa mvumo mdogo wa piezo ni afadhali kuliko nyuzi zisizosikika kabisa. Ama muda, waandaaji waandike kwenye mapatano kwamba mpiga nyatiti apewe nusu saa ya kupima sauti, na spika ya jukwaani iwekwe nyuma ya kipaza sauti chake badala ya kukitazama. Nusu saa hiyo ipo. Kwa kawaida huishia katika kumsubiri mgeni rasmi.