Kijiwe nimekiaga, jamani

Mwenzenu nina miaka 27, cheti cha kidato cha sita kiko chini ya godoro, na nikiulizwa nafanya nini siku hizi najibu "nipo nipo tu". Juzi mume wa dada, ambaye ndiye ananilisha, kasema mezani bila kuniangalia: "Shemeji, wenzako wanahangaika." Tonge likanikwama.

Usiku nikamkumbuka Edward Said Tingatinga. Bwana huyu alizaliwa 1932, akapiga kibarua kwenye mashamba ya mkonge Tanga, akaja Dar akawa boi wa Wazungu. Kuchora kaanza 1968, miaka yake kama 36 hivi! Shule ya uchoraji hakwenda. Alitumia rangi za baiskeli. Mwaka 1972 akafariki, na mpaka leo mtindo wenyewe unaitwa kwa jina lake.

Mie kuchora siwezi, msinicheke. Ila nikiona kiti kibovu mikono inaniwasha. Jumatatu nikaenda Keko kwa fundi mmoja wa fanicha. Kaniuliza, "Msomi, utaweza kupiga msasa?" Leo siku ya nne, napiga kwa nauli tu. Malengelenge haya, kalamu yenyewe naishika kwa shida.