Usalama hauishie kwenye mulango wa mine

Mushahara wa mine haufike mwisho wa mwezi. Ndiyo maana mama zetu wanalima mahindi. Lakini chenille légionnaire, ile iliyotoka Amerika na kuonekana Afrika katika 2016, inakula moyo wa mahindi. Mama wanapiga sumu mikono wazi, mutoto mugongoni. Kazini, wakitunyima gants na masque tunaingia katika greve. Ku shamba tunanyamaza. Juu ya nini?

Njia ingine iko. Nyigu mudogo sana, Telenomus remus, anataga ndani ya mayai ya ile chenille. Mutoto wake anakula yai, chenille haizaliwe. Haume mutu. Yuko tayari Afrika, lakini sumu inamuua naye.

Wazee wetu wanakumbuka. Wakati wa Zaire, miaka ya 1970, cochenille ilimaliza mihogo. Watafiti walipata nyigu kule Paraguay, na kuanzia 1981 wakamuachilia Afrika. Mihogo ikapona, mulimaji hakulipa kitu.

Nyigu peke yake hatamaliza yote, tunajua. Lakini Code minier ya 2018 inalazimisha makampuni kutoa angalau 0,3 % ya mauzo kwa maendeleo ya wakaaji. Tunaomba sehemu kidogo ya zile feza ijenge nyumba ya kufuga nyigu, na ma agronome wafundishe mama zetu. Masanduku ya sumu, basi!