Mama Mzazi Aelezwe, Asiamrishwe Tu

KATIKA wodi nyingi za wazazi, agizo la kutokula kabla ya upasuaji hutolewa kwa maneno mawili tu: "Usile kitu." Muuguzi hulisema akipita, na mama anayengojea kujifungua hubaki nalo bila kujua sababu yake wala mwisho wake.

Saa ya kutazama wagonjwa inapofika, mama mkwe huingia na chupa ya uji aliyoifunika kwa kanga. Mzee huyu hana nia mbaya. Kwa maarifa aliyoyarithi, mwanamke mwenye uchungu anahitaji nguvu, na nguvu hutoka katika uji wa moto na chai ya tangawizi. Mama hunywa vikombe viwili akiwa ameuelekea ukuta. Usiku mapigo ya moyo ya mtoto yakianza kudhoofika, daktari huamua upasuaji wa haraka, na swali huulizwa mlangoni: "Umekula?" Mama hujibu kwamba hajala. Hujibu hivyo kwa sababu asubuhi alimwona mwenzake wa kitanda cha pili akifokewa mbele ya wodi nzima kwa ajili ya kipande cha muhogo.

Jibu hilo la woga laweza kumwua. Wala si haki kumbebesha yeye peke yake lawama, maana hakuna aliyejitaabisha kumweleza jambo ambalo halihitaji elimu ya chuo kulielewa.

Mtu aliye macho akipaliwa na tonge hukohoa, na kikohozi hicho ndicho mlinzi wa mapafu yake. Aliyelazwa kwa nusukaputi hana mlinzi huyo. Kilichomo tumboni chaweza kupanda hadi kooni, kisha kikateremka kwenye njia ya hewa bila yeye kuwa na habari. Chakula kigumu huziba pumzi papo hapo. Majimaji ya tumboni, ambayo yana tindikali kali, huunguza mapafu. Kwa mjamzito hatari huzidi. Tumbo lake la chakula limesukumwa juu na mimba, na mlango wake wa juu umelegezwa na homoni za ujauzito. Uchungu wenyewe huchelewesha chakula kushuka, na sindano ya pethidini ya kutuliza maumivu huchelewesha zaidi. Ndiyo maana uji ulionywewa alasiri waweza kuwa bado tumboni usiku.

Maarifa haya yana historia. Mwaka 1946 daktari wa uzazi wa New York, Curtis Mendelson, alichapisha taarifa ya wazazi 44,016 waliohudumiwa kati ya 1932 na 1945. Kati yao, 66 walipatwa na ajali hiyo ya vitu vya tumboni kuingia mapafuni, na wawili walikufa kwa kukabwa na chakula. Kwa majaribio aliyoyafanya kwa sungura, Mendelson alionyesha kwamba tindikali ndiyo inayounguza mapafu. Tangu hapo amri ya kutokula wala kunywa ilienea katika hospitali za dunia nzima, ikasimama kama msahafu kwa miongo mingi.

Lakini amri hiyo ilizaliwa katika zama ambapo wazazi wengi walilazwa kwa gesi wakifunikwa barakoa usoni, bila mpira wa kuilinda njia ya hewa. Siku hizi akina mama wengi wanaopasuliwa huchomwa sindano ya ganzi katika uti wa mgongo. Mama hubaki macho, husikia mtoto wake akilia, na akitapika aweza kukohoa. Uchambuzi wa majaribio matano, yaliyohusisha wanawake 3,130 wenye uchungu ambao hawakuwa na dalili za kuhitaji nusukaputi, haukuona faida wala madhara ya kuwanyima chakula na maji. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba mama mwenye uchungu asiye katika hatari aruhusiwe kula na kunywa. Kwa hiyo muuguzi anayemnyima maji msichana mwenye afya kwa saa kumi na nne za uchungu, akidai anafuata utaalamu, anafuata utaalamu wa zamani.

Mama aliyepangiwa upasuaji yuko katika hali nyingine, na hapa ulegevu hauna nafasi. Kanuni inayokubalika ni kukaa muda wa saa sita baada ya mlo mwepesi, na zaidi ya hapo ikiwa mlo ulikuwa wa mafuta mengi. Maji matupu, au chai ya rangi isiyo na maziwa, huruhusiwa hadi saa mbili kabla ya upasuaji. Uji si maji, hata ukiwa mwepesi namna gani. Mama mkwe akiambiwa hivyo kwa heshima, naye ni mtu mzima aliyelea watoto, hatakosa kuelewa.

Kinachotendeka mara nyingi ni kinyume cha kanuni hiyo. Mama wa upasuaji wa kupangwa huambiwa asitie kitu kinywani tangu saa nne za usiku. Asubuhi chumba cha upasuaji hupokea dharura. Zamu yake husogezwa hadi saa sita za mchana, kisha saa tisa. Hakuna anayerudi wodini kumwambia kwamba aweza kunywa maji. Anashinda na kiu, kichwa kinamgonga, na ndugu zake wakiona hivyo huipitisha ile chupa ya uji. Waliomlaza na njaa bila sababu ndio waliomsukuma kuivunja kanuni iliyokuwa na sababu.

Uzito wa jambo hili katika bara hili umekwisha kupimwa. Utafiti uliofanywa katika nchi 22 za Afrika na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba kati ya kila wazazi 1,000 waliopasuliwa, watano walifariki, kiasi kinachokaribia mara hamsini ya kile cha nchi tajiri. Wengi wa hao huondolewa na kutoka damu na maradhi mengine, si chakula. Hata hivyo uchambuzi mwingine wa mwaka 2016, uliokusanya taarifa za nchi zenye kipato cha chini na cha kati, ulihusisha usingizi na ganzi na vifo karibu 14 katika kila 100 vinavyofuata upasuaji wa kujifungua. Ulionyesha pia kwamba nusukaputi iliandamana na hatari ya kifo iliyozidi mara tatu ile ya ganzi ya mgongoni.

Hapo ndipo wajibu wa wakubwa unapoanza. Hospitali iliyoishiwa dawa ya ganzi ya mgongoni humrudisha mama kwenye nusukaputi, na nusukaputi bila mashine ya kufyonza inayofanya kazi, bila mpira wa kupitishia hewa na bila mtu aliyefundishwa kuutumia, ni kamari. Mganga Mkuu anayesaini orodha ya dawa hana budi kuiweka ganzi hiyo juu katika orodha.

Mambo mengine hayangojei fedha. Mkunga aweza kuuliza: "Mama, umekula nini leo, na saa ngapi?" badala ya "Umekula?" linalotamkwa kama shitaka. Aweza kumwambia wazi kwamba akikiri hatafokewa wala hatanyimwa upasuaji wa dharura, bali mtaalamu wa usingizi atachagua ganzi ya mgongoni, au atampa dawa ya kupunguza makali ya tindikali na kuilinda njia ya hewa mapema. Na zamu inaposogezwa, msimamizi wa chumba cha upasuaji apeleke habari wodini na saa mpya iandikwe kitandani, ili mama ajue mpaka saa ngapi anaruhusiwa kunywa maji.