Kibandiko Kirahisishe, Kisiwapoteze Wananchi

Huduma nyingi za Serikali na za mabenki hivi sasa zimehamia katika simu za mkononi, na kila moja inamtaka mwananchi apakue programu yake. Kwa aliyezoea, hiyo ni kazi ya dakika mbili. Kwa mzee wa Micheweni au mvuvi wa Tumbatu, ni kazi ya kumtafuta kijana mwenye subira amwandikie jina la programu bila ya kukosea herufi, kisha amchagulie iliyo ya kweli miongoni mwa nyingi zinazofanana. Hapo ndipo matapeli wanapomsubiri.

Upo utaratibu unaoweza kuipunguza taabu hiyo, ujulikanao kwa herufi NFC. Si jambo geni duniani. Makampuni ya Nokia, Philips na Sony yaliunda jumuiya ya kuuendeleza tangu mwaka 2004. Kibandiko chenye chipu ndogo huwekwa ukutani. Mwenye simu huisogeza hadi sentimita chache tu, na ukurasa wa programu inayotakiwa ukafunguka katika duka rasmi la programu. Kibandiko hakina betri. Nguvu hukipata kutoka kwenye simu yenyewe. Kadi za benki zinazosogezwa kwenye mashine bila ya kuchomekwa hutumia njia hiyo hiyo.

Tunaunga mkono utaratibu huu utumike katika ofisi zetu, bandarini na hospitalini. Hata hivyo, wepesi wake usitufumbe macho. Kibandiko hakibebi programu, bali hubeba anwani tu, na mwenye kuiandika anwani ndiye anayeamua mwananchi apelekwe wapi. Mtu mwenye nia mbaya akibandika chake juu ya kile cha ofisi, au akikiandika upya kilichoachwa wazi, mwananchi ataongozwa kwa wezi huku akiamini kuwa ameongozwa na Serikali, kwani ukuta ni wa Serikali.

Kwa hiyo tunatoa rai kwa wahusika. Kwanza, kila kibandiko kifungwe kisiweze kuandikwa tena. Uwezo huo upo. Pili, kikaguliwe kila asubuhi na mtumishi anayejulikana, na pembeni yake liandikwe kwa Kiswahili jina la programu na la mwenye kuitoa, ili mwananchi alinganishe na anachokiona kwenye simu yake kabla ya kukubali. Tatu, kisimpeleke mtu kupakua programu nje ya duka rasmi.

La nne ndilo zito zaidi. Simu nyingi za bei nafuu hazina uwezo huu, na simu za vitufe hazipakui kabisa programu za aina hii. Tena, hata kibandiko kikisomwa, programu yenyewe hupakuliwa kwa intaneti, na bando hulipiwa na mwananchi. Hivyo njia ya nyota na reli iendelee, wala dirisha lenye karani lisifungwe kwa kisingizio cha maendeleo.

Maofisa watakaosimamia jambo hili hatuna budi kuwapima kwa swali moja: je, yule mvuvi wa Tumbatu amepata huduma yake siku ile ile, kwa simu hiyo hiyo aliyonayo?