Taa zinazopofusha wengine zikomeshwe

MTU aliyewahi kusafiri usiku katika barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Morogoro, iwe ndani ya gari, juu ya pikipiki au kwa miguu pembezoni mwa lami, anaufahamu mwanga tunaotaka kuuzungumzia leo. Ni mwanga mweupe, wakati mwingine wenye rangi ya buluu, unaotokea mbele ghafla na kumtia kiwi kila anayeutazama. Dereva anayekutana nao humwashia mwenzake taa kumwomba ashushe mwanga. Mwenzake naye hujibu kwa kuwasha taa ndefu, kuonyesha kwamba zile za kwanza zilikuwa tayari zimeshushwa. Baada ya hapo ni giza tupu, na mtu huendesha kwa kubahatisha mpaka macho yake yarudi.

Mwanga huo, mara nyingi, si ule uliotoka kiwandani pamoja na gari. Ni mwanga wa kubandika. Mwenye gari amekwenda katika duka la vipuri, akanunua balbu za HID pamoja na visanduku vyake vya kupandishia umeme, kisha fundi akaondoa balbu za kawaida na kuzifunga hizo katika taa zile zile za zamani. Kazi hiyo humalizika kwa muda mfupi, nayo hufanyika mchana kweupe, kana kwamba ni jambo halali na la maendeleo. Sisi tunasema kwamba si maendeleo. Ni hatari kwa umma, na wakati umefika ikomeshwe.

Hatupingi teknolojia. Taa za HID zenyewe ni uvumbuzi mzuri. Ndani yake hakuna uzi unaowaka, bali umeme huruka kati ya ncha mbili ndani ya kichupa chenye gesi ya zenoni na kutoa mwanga mkali. Ili mwanga huo uanze, kisanduku chake huupandisha umeme wa betri wa volti 12 hadi kupita volti 20,000 kwa kitambo kidogo sana. Gari la kwanza kuuzwa likiwa na taa hizo lilikuwa BMW ya mfululizo wa 7, mwaka 1991. Tangu hapo viwanda vingi vimezitumia, na gari lililotengenezwa nazo tangu mwanzo, likitunzwa vizuri, halina ubaya wowote.

Ubaya unaanza pale balbu hiyo inapotiwa katika taa ambayo haikutengenezwa kwa ajili yake. Hapa inafaa tueleze jambo lenyewe kwa utulivu, maana wengi wanaofanya mabadiliko haya hawana nia mbaya, hawakuelezwa tu.

Taa ya gari si balbu peke yake. Ni balbu, kiakisi kilicho nyuma yake na kioo kilicho mbele, na vitu hivyo vitatu vimepimwa pamoja. Balbu ya kawaida ya aina ya H4, ambayo imetumika katika magari tangu miaka ya 1970, ina nyuzi mbili: mmoja wa mwanga mfupi na mwingine wa mwanga mrefu. Chini ya uzi wa mwanga mfupi kuna kikombe kidogo cha chuma. Kazi yake ni kuzuia mwanga usifike sehemu ya chini ya kiakisi, kwa sababu mwanga huo ungerudishwa juu, moja kwa moja machoni mwa anayekuja. Mahali pa uzi huo pamepangwa kwa vipimo visivyofikia milimita moja. Ndiyo maana taa nzuri iliyoshushwa huchora ukutani mstari ulio wazi: chini yake mwanga, juu yake giza. Kwa nchi kama yetu inayopita kushoto, mstari huo huinuka kidogo upande wa kushoto ili dereva aone ukingo wa barabara na watembea kwa miguu, na hubaki chini upande wa kulia ili asimuumize anayekutana naye.

Sasa mtu huyo anaiondoa balbu hiyo na kuweka mahali pake chanzo cha mwanga chenye umbo lingine na kisichokaa mahali pale pale. Kiakisi hakijui habari hizo. Hurudisha kila kinachokifikia, na mwanga hutawanyika kila upande. Tena mwanga wenyewe umeongezeka mno. Balbu ya H4 hutoa takriban lumeni 1,000 kwa mwanga mfupi; balbu ya HID ya kawaida hutoa kama 3,200. Maana yake ni kwamba mwanga umeongezwa mara tatu, na hapo hapo ukuta uliokuwa ukiuzuia usimwumize mwenzako umebomolewa.

Kwa hiyo wale wanaojitetea kwamba wao huzishusha taa zao kila wanapokutana na gari jingine hawana utetezi. Taa ya namna hiyo haishuki. Kinachoshuka ni swichi tu.

Jambo la pili ni la kumshangaza zaidi mwenye gari, nalo ni kwamba hata yeye hapati alichokilipia. Sehemu kubwa ya mwanga uliotawanyika humwagika karibu na gari, mita chache mbele ya tairi. Lami ya hapo hung'aa kama mchana, na dereva hufurahi akidhani anaona vizuri. Lakini jicho la binadamu likikutana na mwanga mwingi ulio karibu hujikunja, na likijikunja halioni tena kilicho mbali na gizani. Naye anayekwenda kasi anahitaji kuona mbali. Ng'ombe anayevuka mita 80 mbele, au lori lililoharibika huku matawi ya mti yakiwa ndiyo alama pekee ya kutahadharisha, hayupo kwenye lami ile inayong'aa karibu. Na wale wanaochagua balbu za buluu, zile zinazouzwa kwa namba za 6,000, 8,000 na kuendelea, wananunua urembo: balbu hizo hutoa mwanga pungufu kuliko zile nyeupe za 4,300 ambazo viwanda hufunga. Vyote ving'aavyo si dhahabu.

Sasa tutazame hesabu ya madhara. Basi la abiria linaloruhusiwa kwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Dereva wake akitiwa kiwi kwa sekunde tatu tu, atakuwa amekwenda mita 66 bila kuona, na gari analokutana nalo kwa kasi hiyo hiyo nalo limekwenda mita 66. Kwa mtu mwenye umri mkubwa macho huchelewa zaidi kurudi. Mwaka 2023 Serikali iliruhusu mabasi ya abiria kusafiri tena usiku, baada ya zuio lililodumu kwa miaka mingi. Uamuzi huo umewasaidia wananchi na biashara, lakini umeongeza pia idadi ya roho za watu zinazotegemea macho ya dereva mmoja gizani. Haifai uamuzi mzuri uharibiwe na balbu zilizonunuliwa dukani kwa ajili ya mapambo.

Zaidi ya abiria wa mabasi, wapo wasio na bati la kuwakinga. Shirika la Afya Duniani katika taarifa yake ya mwaka 2023 lilieleza kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka duniani kwa ajali za barabarani, na kwamba zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Hao ndio wengi katika barabara zetu. Ni mwanafunzi anayetoka nyumbani kabla ya mapambazuko ili awahi namba. Ni mwalimu anayerudi kwa pikipiki kutoka kituo chake cha kazi kijijini. Ni mama aliyebeba mboga kwenda sokoni alfajiri. Dereva aliyetiwa kiwi hulivuta gari lake kushoto ili aukwepe mwanga, na kushoto ndiko waliko watu hao. Akimgonga mmoja wao, taarifa itasema dereva alishindwa kulimudu gari. Yule mwenye taa atakuwa amekwisha kupita zamani, hajui lililotokea nyuma yake.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Anayefunga taa hizi anajitafutia kuona kwa kuwanyang'anya wengine kuona. Huo ni ubinafsi, hata kama mwenyewe hakuukusudia. Na inashangaza kwamba watu hao hao ndio huwa wa kwanza kulalamika wanapokutana na gari jingine lililofungwa taa kama zao. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Tena ubinafsi wa namna hii huzaa mwingine: aliyepofushwa jana huenda kununua taa kali leo ili naye asionewe, na kwa mwendo huo barabara nzima itageuka uwanja wa kushindana kupofushana.

Hata hivyo, haki itendeke kwa dereva pia. Malalamiko yake kwamba haoni usiku mara nyingi ni ya kweli. Barabara nyingi hazina taa, na michoro ya barabarani hufutika. Magari mengi tunayoyatumia yameingia nchini yakiwa yametumika kwa miaka kadhaa, na vioo vyake vya plastiki vya taa vimepauka na kuwa vya manjano kwa jua. Lakini dawa ya kweli ipo, nayo ni nafuu. Vioo vilivyopauka vising'arishwe kwa maneno, bali visuguliwe na kusafishwa, au vibadilishwe. Waya na viungo vilivyoshika kutu virekebishwe, maana umeme ukipungua njiani hata kidogo mwanga wa balbu hupungua sana. Balbu iliyochakaa ibadilishwe kwa nyingine ya aina ile ile iliyotajwa na kiwanda. Mwisho, taa zipimwe na kuelekezwa sawasawa. Dereva akifanya mambo hayo manne, mara nyingi atagundua kwamba gari lake lilikuwa na taa nzuri siku zote.

Nchi nyingine zimekwisha kulitambua tatizo hili. Kanuni za magari za Ulaya hazitosheki na balbu kuwa kali. Zinataka taa yenye chanzo kinachozidi lumeni 2,000 iwe na mtambo wa kujisawazisha yenyewe gari linapobeba mzigo nyuma na kuinua pua, pamoja na kifaa cha kusafishia kioo, kwa kuwa vumbi na tope hutawanya mwanga. Nchini Uingereza, gari dogo ambalo taa zake za kawaida zimegeuzwa kuwa HID halipiti katika ukaguzi wa kila mwaka. Nchini Marekani, mamlaka ya usalama barabarani imeeleza kwamba vifaa vya kugeuzia taa kwa namna hiyo havikidhi kiwango cha taa cha nchi hiyo. Ikiwa katika nchi zenye barabara pana na taa za mitaani jambo hili limeonekana hatari, kwetu sisi wenye vumbi, barabara nyembamba na watu wengi wanaotembea kwa miguu, ni hatari maradufu.

Tunazo sheria na vyombo vya kutosha. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inawapa askari wa usalama barabarani uwezo wa kulisimamisha gari na kulikagua. Tunaliomba Jeshi la Polisi lisiishie kuuliza leseni na kutazama kama taa zinawaka. Taa zikaguliwe zinamulika wapi. Kwa hilo hakuhitajiki mtambo wa gharama kubwa kila mahali: ukuta, mahali palipo sawa na alama iliyopigwa kwa chaki vinatosha kuonyesha kama mwanga una mstari au umetawanyika. Ukaguzi wa Wiki ya Nenda kwa Usalama ungepata maana zaidi kama jambo hili lingetiliwa mkazo. Shirika la Viwango nalo lizitazame kwa makini balbu na vifaa hivi vinavyoingia madukani. Haitoshi kumwadhibu mnunuzi na kumwacha muuzaji akiagiza vingine.

Mafundi nao tunawaomba watumie heshima ya kazi yao. Fundi mzuri huweza kumwambia mteja kwamba hili halifai, na kumwonyesha lifaalo. Akumbuke pia kwamba umeme wa kuwasha taa hizo ni mkali kiasi cha kumdhuru yeye mwenyewe anapozishika ovyo.

Lakini mfano uanzie nyumbani. Yako magari yenye namba za Serikali na ya mashirika ya umma ambayo nayo hutembea usiku. Wakuu wa idara na wasimamizi wa usafirishaji wana wajibu wa kuhakikisha kwamba hakuna hata moja lililofungwa taa za kubandika. Haiwezekani mtumishi wa umma amulike machoni mwa wananchi anaowatumikia, kisha asubuhi akasimama mbele yao kuhimiza utii wa sheria. Mtumishi mwenye gari lake binafsi naye asingoje kukamatwa. Na alitazame usiku huu huu, aliegeshe mbele ya ukuta, aone.

Walimu wana nafasi ya pekee. Somo la fizikia linafundisha kuakisiwa kwa mwanga na kazi ya kioo kilichopinda. Hakuna mfano ulio karibu zaidi na maisha ya mwanafunzi kuliko taa ya gari. Kijana akielewa darasani kwa nini chanzo cha mwanga kikihamishwa kidogo tu miale yote hupotea njia, hatakuja kudanganywa dukani akiwa mtu mzima. Na wakati huo huo afundishwe kutembea akitazamana na magari, na kuvaa nguo nyeupe gizani.

Barabara imejengwa kwa fedha za wananchi wote, wenye magari na wasio nayo. Kila mmoja ana haki ya kuipita usiku na kufika kwake salama. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Tunatoa wito kwa kila mwenye gari lenye taa hizo aziondoe mwenyewe, na kwa wahusika wote wachukue hatua bila kungoja ajali nyingine iwakumbushe.