Kamera isiyoondoka baada ya mkutano wa kampeni

WAKENYA wamezoea kutazama kampeni kupitia taarifa za habari za jioni. Helikopta inatua, umati unashangilia, mwaniaji anatoa ahadi, kisha habari nyingine inafuata. Kazi ya mwongozaji filamu Sam Soko huanzia pale ambapo kamera hizo huzimwa.

Alipoanza kumfuata mwanaharakati Boniface Mwangi, aliyesifika kwa picha zake za ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, Soko alinuia kuunda video fupi ya kuwafunza vijana mbinu za kuandamana. Lakini Mwangi alipowania ubunge wa Starehe mwaka wa 2017 kwa tiketi ya chama cha Ukweli, kazi hiyo ilipanuka na kuzaa filamu ya Softie. Ilionyeshwa mara ya kwanza katika tamasha la Sundance, Marekani, Januari 2020, na kutunukiwa tuzo ya uhariri.

Uzito wa filamu hiyo hauko katika tuzo. Mwangi aliapa kutowahonga wapigakura, na kamera ya Soko inamnasa akizungukwa na watu wanaotaka pesa kwanza ndipo wamsikilize. Hatimaye alibwagwa na mwanamuziki Charles Njagua, almaarufu Jaguar, wa chama cha Jubilee.

Hapa ndipo uchambuzi wetu wa siasa hupungukiwa. Kila msimu wa uchaguzi tunawalaani wanasiasa wafisadi, ila ni nadra kumgeuzia kioo mpigakura. Hata hivyo, si haki kumhukumu kwa haraka. Anayemwona mbunge wake mara moja kwa miaka mitano huenda akaona noti anayopewa leo ina uhakika kuliko barabara anayoahidiwa kesho.

Filamu hiyo pia inaonyesha gharama ambayo haimo katika hesabu za kampeni. Kutokana na vitisho, mkewe Mwangi na watoto wao watatu walilazimika kuhamia Marekani kwa muda huku yeye akiendelea kusaka kura.

Mnamo 2022, Soko alishirikiana na Lauren DeFilippo kuelekeza Free Money, filamu kuhusu wanakijiji wa magharibi mwa Kenya walioahidiwa fedha kila mwezi kwa miaka 12. Mada ni tofauti, lakini swali linafanana: pesa humfanyia nini mtu asiye nazo?

Mnamo Agosti 2025, Mwangi alitangaza nia ya kuwania urais mwaka wa 2027. Miezi mitatu awali, waundaji filamu wanne walikamatwa jijini Nairobi kuhusiana na makala ya BBC kuhusu waandamanaji waliouawa Juni 2024, kisha wakaachiliwa.

Mkono mtupu haulambwi, wahenga walisema. Starehe ilithibitisha hayo mwaka wa 2017, na tunajua kwa sababu kulikuwa na mtu aliyebaki akirekodi. Wanaomtia pingu mwenye kamera wanataka tusijione.