GOTI LA KURITHI SI LAANA, WALA SI KISINGIZIO



Ndugu yangu katika imani, soma mpaka mwisho. Huenda ujumbe huu unamhusu mama yako.

Kuna mzee alikuwa safu ya kwanza kila Alfajiri, leo haonekani. Magoti yamesagika. Akisujudu, kuinuka ni kazi. Kiti anakionea haya, maana sisi wazima tunamtazama na kunong'ona. Nyumbani anaambiwa: "Hayo ni ya ukoo wenu, vumilia." Wengine wanasema karogwa.

Tuseme haki. La ukoo lina ukweli. Mwaka 1996 watafiti wa Uingereza waliwalinganisha wanawake mapacha, wakakuta urithi unachangia kati ya asilimia 39 na 65 ya tofauti za ugonjwa huu wa mikono na magoti. Mwaka 2007 watafiti wa Japani walionyesha kuwa badiliko dogo kwenye jeni ya GDF5, inayohusika na uundaji wa viungo, linaongeza hatari. Basi si uchawi. Ni maumbile, na Muumba ni Allah.

Lakini kuongeza hatari si kutoa hukumu. Kwa mgonjwa mwenye uzito uliozidi, kila kilo moja anayopunguza inaliondolea goti mzigo wa kama kilo nne katika kila hatua. Na misuli ya paja ikiimarishwa kwa mazoezi, maumivu hupungua. Hayo yamo mikononi mwetu.

Kwa hiyo anayesema "ni kadari" kisha akaacha tiba, hajaielewa kadari. Paa likivuja, husemi mvua ni kadari ukalala chini ya tone. Unaziba, kisha unamtegemea Allah. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tujitibu.

Na kuhusu kiti: Imran bin Huswayn (r.a.) alikuwa mgonjwa, Mtume (s.a.w.) akamwelekeza asali amesimama, akishindwa akae, akishindwa alale ubavu. Je, imani yake ilipungua? Basi wewe ni nani umcheke mzee aliyeshika rukhsa ya Mola wake?

Leo fanya matatu. Mpeleke mzazi wako kwa daktari. Kama una damu hiyo, anza kutembea na kupunguza sahani kabla goti halijalia. Na mfuate yule mzee, mwambie kiti chake kipo na safu inamngoja.

Allah awaponye wagonjwa wetu. Aamiin. Mfikishie mwenzako.